Kopo la Siagi ya Nyiramahirwe

Alhamisi, tarehe 27 mwezi wa tano, mwaka wa 2021, ndiyo siku kila kitu kiliharibika. Si Jumamosi iliyotangulia, wakati mulima wa moto ulipasuka na moto ukashuka mpaka Buhene ukala nyumba yetu. Nyumba ni mbao na mabati. Mimi ni fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, mbao nazijua, ningejenga nyingine. Hapana. Ni Alhamisi asubuhi, wakati wakubwa walisema kwenye redio tutoke muji wa Goma, eti moto uko chini ya miguu yetu, twende upande wa Sake. Walisema twende. Hawakusema tulale wapi. Wao walipita na magari, vioo vimefungwa.

Tulitembea, mimi na bibi yangu wa ndoa, Nyiramahirwe. Ile Jumamosi alikuwa ameokoa vitu vitatu tu: rozari, kitenge, na kopo la maziwa ya unga ambalo ndani yake aliweka siagi ya ng'ombe. Watu walimucheka njiani. "Mama, wengine wanabeba watoto, wewe unabeba mafuta!" Naye akajibu, "Mutoto wangu ndiye huyu muzee. Hamujaona shingo yake."

Lazima niseme juu ya shingo hiyo. Ndevu zangu ni za kujikunja. Ukizinyoa vibaya zinarudi ndani ya ngozi kama misumari iliyopindwa, na kesho yake shingo yote ni vipele, inawaka kama imepakwa pilipili. Vumbi la mbao linazidisha. Nikiwa kijana nilinyoa kwa wembe mukavu na sabuni ya kufulia, na wenzangu pale kwenye karakana waliniita Dindo, yule ndege mwenye shingo nyekundu ya mabonge.

Nyiramahirwe alitoka kwa wafugaji wa Masisi. Kwao siagi si ya kula tu. Wanapaka watoto, wanapaka bibi-arusi. Wiki ya kwanza ya ndoa yetu aliangalia shingo yangu, akaninyang'anya wembe. "Viateur, hii ni ngozi, si ubao."

Tangu siku ile hakuna mutu mwingine aliyeninyoa. Alichovya kitambaa ndani ya maji ya moto, akakikamua, akanizungushia shingoni. Kisha alisali Salamu Maria kumi, polepole, maana huo ndio muda ndevu zinataka ili zilainike. Alipaka siagi, akaisugua mpaka ikapotea. Wembe aliupitisha mara moja tu, kufuata njia ya nywele, kamwe si kuzirudia kinyume. Mwishoni maji baridi, kisha siagi tena, kidogo kama umande. Mimi nilikuwa tayari nimesinzia. Nilisikia magoti yake mugongoni kwangu, harufu ya moshi na maziwa, na kila mara niliota vilima vya kwao, ng'ombe wakitembea ndani ya ukungu bila miguu. Aliponiamsha nilikuwa na shingo ya mutoto muchanga.

Miaka makumi mbili na sita hivyo.

Basi, Mugunga, kwenye njia ya Sake. Tulifika alasiri, tukakaa juu ya mawe meusi pamoja na watu maelfu. Hakuna hema, hakuna maji, hakuna mukubwa hata mumoja. Jua lilikuwa kali, upepo umekufa. Nilimuona anafungua kopo. Siagi ilikuwa imekuwa maji. Na mimi, kwa njaa na hasira, nilisema, "Umebeba mafuta siku nzima, sasa unayaacha yaharibike? Tafuta baridi uyaweke."

Nilisema hivyo. Nimeliandika sasa, nimeliona neno langu.

Aliangalia huku na huku, akaona shimo pana kati ya mawe, chini yake kuna majani mabichi na kivuli. Alishuka, kopo kifuani. Hakurudi.

Watu wa Goma tunaijua mazuku. Ni hewa nzito inayolala ndani ya mabonde, haina harufu, haina rangi, inaua. Mbuzi anashuka kula majani, unamukuta amelala. Lakini sisi tulikuwa watu wa Buhene, mashimo ya Mugunga hatukuyajua. Kibao hakikuwepo. Hata fimbo yenye kitambaa chekundu, hakuna. Vijana wa pale walimutoa kwa kamba, wamezuia pumzi. Walisema alikuwa amelala ubavu, mukono chini ya shavu. Kando yake kopo limesimama wima, siagi imeshikana vizuri.

Nililificha kopo ndani ya koti. Nikawaambia watu: vitu vyote viliungua, alishuka kutafuta maji. Wakubwa wamemuua. Nimesema hivyo miaka karibu mine, kwa kila mutu, na ni kweli. Nani alitutuma pale?

Kwetu mume aliyefiwa hanyoi mpaka ndugu wa bibi yake aje kuondoa matanga. Huyo ndiye anayepitisha wembe wa kwanza. Ndevu zikianguka, marehemu anafunguliwa, anakwenda zake. Shemeji yangu Honoré anakaa Kiwanja, anauza maharagwe. Mwaka wa kwanza tulipanga siku, vita vikaingia upande wa Rutshuru, kwake. Kisha waasi walikamata Kiwanja, barabara ikakatika. Tulipanga tena, ikakatika tena. Ndevu zilifika kifuani. Kwenye bariere ya barabarani askari waliniuliza, "Muzee, wewe ni nabii ama ni maï-maï, mupiganaji wa musituni?"

Januari 2025 waasi waliingia Goma yenyewe. Tulizika watu. Halafu barabara ya Rutshuru ikafunguka. Waliokuwa wameifunga ndio walioifungua, na ilitupasa tuseme asante.

Honoré alikuja na pikipiki Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, na bido imejaa kasiksi, pombe ya ndizi ya kuondolea matanga. Nimepanga chumba Kyeshero, karibu na ziwa. Asubuhi hiyo ukungu wa ziwa ulikuwa umepanda mpaka mulangoni. Jirani yangu, Mama Généreuse, alipuliza makala ya jiko, akachemsha maji.

"Leo tutajua kama ndani ya hilo pori kungali mutu!" akasema.

"Kama kuna kuku amelala humo, yai ni langu," Honoré akajibu. Alipunguza ndevu kwa makasi, kisha akatoa wembe mupya na kipande cha sabuni. "Shemeji, mimi sijui mambo ya shingo. Nitapitisha tu, utavumilia."

"Nyiramahirwe hakupitisha tu."

"Aliniambiaga. Alisema, kaka, nimeolewa na shingo, mutu alikuja nayo kama matabishi, nyongeza ya bure."

Mama Généreuse alicheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka, mara ya kwanza tangu siku nyingi, na kicheko hicho kilinifungua. Nilifikiri: ni mara ya mwisho, akinyolewa huyu Viateur, Nyiramahirwe anakwenda. Basi anishike mara moja tena. Niliingia ndani, nikatoa kopo chini ya kitanda.

Nilimufundisha Honoré: kitambaa, Salamu Maria kumi, siagi. Ilikuwa imekuwa ya manjano, kali kidogo, lakini moshi wa kwao ulikuwa ungali ndani yake. Mvuke ulipanda usoni kwangu. Nikafumba macho.

Wembe ulipita bila kuuma. Nilisikia magoti mugongoni. Ukungu ulijaa ng'ombe, wakaja mpaka ziwani kunywa, na mulima ulimwaga maziwa, si moto, yakashuka polepole juu ya Buhene, juu ya mabati yetu, na watu walisimama na vikombe. Yeye alikuwa nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake sikioni. Nilitaka kumuambia lile neno la Mugunga. Nilisema moyoni: ngoja shavu la pili, nitamuambia.

Mukono ulisimama.

Nilifungua macho. Shavu moja lilikuwa safi na laini, lingine lilikuwa bado ndani ya matanga. Honoré alikuwa ameshika kopo, analigeuza. Kwenye kitako chake kulikuwa na herufi mbili zilizokwaruzwa kwa musumari.

"Nilizikwaruza mimi," akasema taratibu. "Pasaka ile, kabla ya mulima kupasuka. Nilimupa dada mimi mwenyewe, mukononi."

Aliligeuza kopo tena.

"Ulituambia nyumba iliungua na vitu vyote. Ukatuambia alishuka kuchota maji."

Mama Généreuse aliacha kupepea makala. Nilifungua kinywa niseme: wakubwa. Nimelisema neno hilo mara elfu. Safari hii, kabla halijatoka, shingo yangu, iliyopakwa vizuri, ilianza kuwaka.

Honoré hakupandisha sauti. Alichovya kidole ndani ya siagi ya dada yake, akanusa, akaniangalia.

"Shemeji, siku ile, dada yangu alishuka kule kufanya nini?"