Msimu Tuliofungiwa Uwanja

Habari ile niliisoma midomoni mwa Ada Thorley kabla sijaiona gazetini. Ilikuwa Jumanne asubuhi, wiki ya kwanza ya Desemba mwaka 1921. Katika chumba cha kufumia nguo cha kiwanda cha Bankfoot, kaskazini mwa Uingereza, mashine mia tatu zilipiga kwa pamoja, wala hapakuwa na sikio la kusikia neno la mtu. Sisi wafumaji tulizungumza kwa midomo, na tulielewana hata tukiwa mbali hatua arobaini. Ada alichelewa kidogo siku ile. Alisimama mwisho wa ujia, gazeti kalibana kwapani, akaniambia polepole, neno baada ya neno: wametufungia viwanja.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikamwashiria arudie. Akarudia vilevile, na safari hii uso wake ulikuwa mweupe kama pamba. Uzi ulikuwa umekatika kwenye mashine yangu na mimi sina habari, mpaka msimamizi akaja akanigusa bega.

Naitwa Hetty Entwistle. Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa kipa wa Wanawake wa Bankfoot. Timu yetu ilizaliwa wakati wa Vita Kuu, wanaume wakiwa Ufaransa. Vita vilipokwisha, waliojaliwa kurudi walirudi, nasi hatukuacha kucheza. Msimu ule tulianza Agosti, na tangu hapo tulikuwa tumecheza mechi kumi na moja bila kufungwa hata moja. Tulichezea uwanja wa Harthwaite Town, klabu ya wanaume ya mji wetu, na kilichokusanywa mlangoni kilikwenda hospitali na kwa askari waliorudi bila miguu. Novemba walikuja watu elfu tisa kututazama. Meya alishuka uwanjani akatupa mkono mmoja mmoja, akasema sisi ni fahari ya mji. Hazikupita wiki tatu, tukafungiwa.

Saa mbili, wakati wa kifungua kinywa, tulikusanyika nje kwenye ukuta wa tanuri, mahali penye joto. Ada ndiye aliyekuwa nahodha, kwa hiyo akasoma. Chama cha Mpira kimekaa London, kimeona mchezo huu haufai kabisa kwa wanawake na usitiwe moyo, na klabu zote zilizo chini yake zimeagizwa zisitupe viwanja.

Hakuna aliyelia. Clarice Holt, winga wetu wa kushoto, alikuwa na mkate mdomoni akasahau kuutafuna.

"Hebu soma tena," akasema. "Labda ni wale wa Kusini."

"Ni wanawake wote, Clarice."

"Sisi tumewakosea nini?"

Ada akalikunja gazeti. Alisema hata yeye hajui, na Jumamosi tutakwenda kumuuliza mtu anayejua.

Mtu huyo alikuwa Bwana Pomfret, katibu wa Harthwaite Town. Ni yeye aliyechapisha matangazo ya mechi yetu kubwa, siku inayofuata Krismasi, dhidi ya timu ya wasichana kutoka Yorkshire. Matangazo hayo yalikuwa bado kwenye kuta za mji mzima, majina yetu yameandikwa kwa herufi nyekundu. Jumamosi mchana, kiwanda kilipofunga, tulikwenda watatu: Ada, Clarice na mimi. Siku zote alikuwa akitukaribisha ndani, akatuita mabinti zake na kutupa chai. Safari hii alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye kitasa.

Alisema amri ni amri, na klabu ikikaidi itafukuzwa kwenye ligi. Ada akamuuliza kama klabu ilisema neno lolote la kututetea. Bwana Pomfret akatazama viatu vyake. Akajibu kwamba Oktoba wakurugenzi waliandika barua kutoa maoni yao, na maoni hayakuwa mazuri, kwa sababu walikuwa na ushahidi.

"Ushahidi wa nani?" Ada akauliza.

Akainua macho akanitazama mimi. "Hayo, Hetty, kamuulize mzee wako."

Kisha akafunga mlango taratibu, kama mtu mwenye mgonjwa ndani.

Baba yangu, Amos Entwistle, alikuwa mtunza uwanja wa Harthwaite Town kwa miaka kumi na tisa. Alilala na kuamka na ule uwanja. Mama alipofariki nilikuwa na miaka minane, na kwa kuwa baba hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, alinichukua kazini. Akimaliza kusukuma rola la kusawazishia nyasi, alinirushia mpira golini, chini, juu, pembeni, mpaka mikono ikanifa ganzi. Kudaka nilifundishwa na yeye. Njia nzima kutoka kwa Bwana Pomfret nilijiambia kwamba yule bwana anatafuta mtu wa kumtupia lawama.

Nilimkuta jikoni anapaka buti zake mafuta.

"Baba, Bwana Pomfret anasema nikuulize wewe."

Hakuniuliza nimuulize nini. Aliweka buti chini, akapangusa vidole kimoja kimoja kwa kitambaa. Hapo nikajua ni kweli. Nikakaa.

Oktoba tulicheza na wasichana wa Stalford, nami nikajitupa miguuni mwa mshambuliaji wao nikapigwa teke juu ya sikio. Sikumbuki kitu. Nilizinduka chumba cha kuvalia, baba ameshika ndoo ya maji, ananiita jina langu tena na tena. Jumatatu nilikwenda kazini kama kawaida, na tulilifanyia mzaha. Mimi nilifanya mzaha. Sasa ndipo akanieleza kwamba wiki ileile wakurugenzi walimwita.

"Waliniuliza, kama baba, naonaje," akasema. "Nikawaambia tangu siku ile sijapata usingizi. Nikawaambia nimemzika mama yako, na wewe sitaki kukuzika."

"Wakaandika?"

"Wakaandika. Wakanipa kalamu."

"Ukatia sahihi."

"Nilidhani ni uwanja wetu tu, Hetty. Nilidhani watawapumzisha mpaka baridi iishe. Mambo ya London mimi nitayajulia wapi?"

"Lakini wewe ndiye uliyenifundisha."

"Ndiyo," akasema. "Mimi."

Nilimtazama mzee yule kama ninavyomtazama mtu niliyemfananisha barabarani. Mpaka leo sijui kama barua ile ilisomwa na yeyote huko London au iliishia kwenye droo ya Bwana Pomfret. Pengine wangetufungia hata bila yake. Lakini jina letu lilikuwa chini ya karatasi ile, na siku ile sikuweza kuona zaidi ya hapo. Nilipanda juu, nikakaa kitandani na koti langu mwilini, hata giza likaingia.

Sikuwaambia wenzangu. Clarice alikuwepo pale mlangoni na kusikia kila neno, lakini hakuniuliza, na Ada pia hakuniuliza. Jumatatu Ada alinishika kiwiko tu akaniambia kwa midomo kwamba mechi ipo, na uwanja kaupata.

Uwanja wenyewe ulikuwa shamba la mzee Seth Ogden, mlimani juu ya mji. Alihamisha ng'ombe, akatukatia miti ya magoli. Wasichana wa Yorkshire walikuja kweli, wakavulia makoti yao kwenye banda la nyasi, wakacheka mpaka basi walipoona jinsi shamba lilivyoinama. Watu kama mia sita walipanda mlima kwa miguu kwenye upepo ule. Jamaa mmoja kando ya goli langu alinisumbua nusu saa nzima.

"Kipa, rudi nyumbani, chungu kinaungua!"

"Njoo ukiepue wewe," nikamwambia. "Si una mikono?"

Watu wakamcheka, akahamia upande wa pili.

Tulikuwa tunaongoza mabao mawili kwa moja. Chini mjini, saa zilezile zilizokuwa zimetangazwa kuwa zetu, Harthwaite Town walikuwa wanacheza nyumbani, kwenye majani ambayo baba aliyatengeneza kwa mkono wake asubuhi. Mara mlio wa watu maelfu ukapanda mlimani. Walikuwa wamefunga. Niliujua mlio ule, kwa sababu mwezi mmoja tu nyuma ulikuwa wetu. Nikageuka kutazama chini, na nilipogeuka tena mpira ulikuwa umeshanipita ubavuni, umelala kwenye matope nyuma yangu. Sare. Hakuna aliyenilaumu.

Tuliumaliza msimu, ukiweza kuuita msimu. Mashamba, viwanja vya shule ya Jumapili, mara moja mahali palipokuwa na shimo la makaa katikati. Watu walipungua kila mechi, mia tatu, mia, arobaini. Wasichana wawili wakaolewa, na waume zao wakawakataza kucheza. Baba na mimi tulikula meza moja, tukaongea habari za mvua na bei ya mkaa. Mwaka ule sikumsamehe. Mwaka uliofuata nilikuta kwamba nimeshamsamehe, ingawa sikumbuki siku, wala sikumwambia.

Mechi ya mwisho kabisa ilikuwa mwishoni mwa Aprili. Wapinzani walikuja wanane, nasi tulikuwa kumi na mmoja. Tukawapa mmoja wetu, tukacheza tisa kwao na kumi kwetu, manyunyu yanaanguka. Tulishinda, nadhani ni manne kwa mawili. Baadaye tulipeana mikono, tukabadilisha viatu tumekaa juu ya ukuta wa mawe, na Ada akasema tutakutana Agosti. Wote tukaitikia kwamba sawa.