Stuli Yenye Karatasi Nyekundu

Hivi wewe umewahi kuambiwa kwamba kukaa kwako ni hasara? Basi Mgeni aliambiwa. Alikuwa na miezi minne kiwandani, akikaza vifuniko vya ndoo kwenye mkanda wa mashine unaozipitisha, na hilo jina la Mgeni lilikuwa bado halijamtoka.

Jumatatu msimamizi alipita, saa mkononi. Wafanyakazi walimwita Bwana Sekunde, maana hata chafya ya mtu aliipima. Akaitazama stuli ya Mgeni, ile ya mbao, mguu mmoja umefungwa kitambaa isiyumbe, akaibandika karatasi nyekundu: HAIHITAJIKI.

"Kukaa na kuinuka kunakula sekunde tatu," alisema.

Stuli ikawekwa kwenye kona iliyochorwa mstari wa njano, ingoje Ijumaa itupwe.

Kufika Alhamisi goti la Mgeni, lile aliloliumiza utotoni, lilikuwa limevimba hadi kuijaza suruali. Jirani yake kwenye mkanda, mama wa makamo aliyefunga mishikio na ambaye wote walimwita Shangazi, akamnong'oneza, "Mwambie basi."

"Nimwambie nini, Shangazi? Atayapima na maneno yangu."

"Haya nyamaza, kesho stuli yako iwe kuni."

Juu ya mkanda ilining'inia kamba. Siku ya kwanza waliambiwa: yeyote akiona kasoro avute, hata aliyeajiriwa leo, na mkanda hauwaki tena mpaka aliyevuta aachie. Lakini nani athubutu? Buibui walikuwa wameshahamia.

Ijumaa asubuhi Mgeni akajifuta mikono kwenye aproni, akavuta. Kengele ikalia, ndoo zikasimama foleni.

Bwana Sekunde akaja mbio. "Nani kavuta?"

"Mimi."

Bwana Sekunde akageuza ndoo moja, ya pili, ya tatu. "Vifuniko vizima hivi. Kasoro iko wapi?"

Mgeni akakunja suruali kwa mkono mmoja, taratibu, mpaka juu ya goti. "Hii hapa."

"Hiyo si kasoro ya ndoo."

"Ulisema kasoro. Hukusema ya nini."

Shangazi akachekea puani. "Saa yako inakwenda, bwana mkubwa. Dakika ya pili hiyo."

"Achia kamba, Mgeni."

"Bado." Mgeni akaikaza kamba mkononi. "Nataka stuli yangu. Na hiyo karatasi uibandue wewe mwenyewe."