Viti vya Kuazima

Mfyatua matofali alirudi nyumbani mchana, tope mpaka viwikoni, akakuta sebule yake si yake.

Asubuhi aliacha mkeka mmoja na ndoo. Sasa palikuwa na viti sita vya mito, meza ya kioo na redio kubwa kama sanduku. Kijana mmoja mgeni, karani wa mradi wa lishe, alikuwa amezama kwenye kiti anabonyeza simu. Mbele yake alisimama mama wa mfyatua matofali, kavaa gauni la kwendea harusini, anachekacheka.

Mradi huo uligawa unga wa lishe na maziwa kwa watoto wa nyumba zisizo na kitu. Binti wa mfyatua matofali, waliyemwita Kijiti, alikuwa na miaka minne na uzito wa mtoto wa miaka miwili. Zahanati walishamwambia wazi: asipopata chakula cha maana mwaka huu, atadumaa.

"Viti sita," karani alisoma. "Redio. Meza ya kioo. Samahani, kaka, mfumo umekataa. Mna mali nyingi."

"Mali gani? Hivi vitu si vyetu!"

"Bibi kasema ni vyenu."

Mfyatua matofali akamgeukia mama yake. "Mama, umesema nini?"

"Mgeni akija akae chini? Sikulelewa hivyo mimi."

"Kaja kuangalia tunavyokosa!"

"Kukosa kwetu kunamhusu nini? Akaangalie kwao."

Akatoka mlangoni, akamwita jirani yake mshona nguo. Viti vile alivijua; kila jioni alivikalia kwa jirani huyo.

"Jirani! Njoo umwambie huyu viti ni vya nani."

Mshona nguo akaja mbio, sindano ingali kwenye kola. Akamtazama bibi, akamtazama mgeni, akaamua.

"Vya kwao," alisema bila kupepesa. "Wamenunua mwaka juzi. Hawa watu wanajiweza, usije ukawadharau."

"We jirani una wazimu?"

"Nakusitiri, Baba Kijiti. Ndiyo asante yako hiyo?"

Karani akasimama. "Nikibonyeza hapa, imekwenda. Hakuna kurekebisha mpaka mwakani."

Mfyatua matofali akaingia chumbani, akamtoa Kijiti usingizini na kumweka juu ya kiti kimojawapo. Mto haukubonyea hata kidogo.

"Haya, Mama. Mwambie wewe, maana mimi haniamini. Au Kijiti atatafuna mito?"

Bibi alimtazama mjukuu wake. Kile kicheko cha wageni kikamtoka usoni.

"Si vyangu," alisema. "Viti na meza vya huyu hapa. Redio ya kinyozi. Hata gauni hili nimeazima." Akavuta pazia la chumbani. "Ingia uone. Humu ndimo tunamoishi."

Karani aliingia. Alipotoka, alianza kufuta vitu kwenye simu.

"Viti vyote sita?" aliuliza.

"Vyote!" alisema mfyatua matofali.

"Vitano," alisema bibi. "Kimoja niachie."

"Mama!"

"Nyamaza wewe. Huko inakokwenda hiyo orodha wataona nyumba nzima haina hata pa kukalisha mtu?"

Karani akajikuna kichwa. "Kiti kimoja hakizuii kitu, kaka."

Mfyatua matofali aliketi sakafuni na tope lake, akampakata Kijiti.

"Mwandikie," alisema. "Mwandikie hicho kiti chake. Lakini anza na unga."