Shati Moja na Vifungo Vitatu

Kila asubuhi dada yangu alinihesabia vifungo kumi kwenye bakuli la plastiki. Vilikuwa vifungo vyeupe vya mashati ya shule, vile vyenye matundu manne. Kuoga, kifungo kimoja. Kufua nguo za ndani, kimoja. Kwenda dukani na kurudi, viwili, na nikikuta foleni, vitatu. Kuongea na watu wa kazini kwa simu, vinne, nami nilikuwa nataka viwe sita. Nikimaliza jambo, natoa kifungo bakulini nakitia kwenye kopo. Bakuli likibaki tupu siku yangu imekwisha, hata kama ni saa nane mchana na sufuria inaungua jikoni.

"Vikiisha, lala," mshauri nasaha aliniambia. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo, na ofisini kwake kulikuwa na feni isiyozunguka. "Usiguse vya kesho. Wewe umekula vya kesho miaka kumi na tisa, ndiyo maana leo huna kitu."

Nilimwona mpuuzi. Mimi ni nesi. Nimeshona vichwa vya walevi wanaonitukania mama, nimezalisha wanawake kwenye korido, halafu naambiwa nitapona kwa vifungo vya shati! Nilikwenda kwake kwa sababu hospitali ilisema nisipokwenda, nisirudi.

Dada yangu ni fundi cherehani. Nilipomweleza habari za vifungo alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaniletea kopo lake. "Shati moja linakula vifungo saba," alisema akihesabu. "Kwa hiyo nguvu zako zote za siku, mdogo wangu, ni shati moja na vifungo vitatu. Na walikuwa wanakuogopa huko kazini." Nilitaka kumrushia mto lakini mkono ulikataa kuinuka.

Wodini waliniita Jenereta. Mwenzetu anauguliwa na mtoto, Jenereta yupo. Mwenzetu ana harusi ya mdogo wake, Jenereta atashika zamu. Nisidanganye, jina hilo nililipenda. Nilitembea nalo kifua mbele kama mtu aliyepandishwa cheo, na nilipoona wenzangu wakilalamika miguu, moyoni nikawadharau.

Siku nguvu ziliponiishia nilikuwa nimeunga zamu ya tatu. Ilikuwa asubuhi, muda mfupi kabla ya kukabidhi zamu. Nikapita kitanda namba tisa, kwa mzee mmoja aliyelala chali, mdomo wazi. Sikumshika mshipa. Sikumwinamia nisikie pumzi. Nilimtupia jicho tu, nikavuta shuka nikamfunika uso, nikafungua faili lake nianze kuandika saa ya kifo. Chini ya shuka sauti ikasema taratibu, "Bado, mwanangu."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Angenitukana ningejitetea. Alitoa mkono wake mkavu chini ya shuka, akanishika kiganja na kunipa pole, mgonjwa anampa pole nesi. Nikakaa sakafuni kando ya kitanda chake na sikuinuka tena mpaka walipokuja watu wawili kuninyanyua. Sikulia. Machozi nayo yanataka nguvu.

Matroni alinipa miezi mitatu. "Jumatatu ya mwisho, saa moja kamili asubuhi, uwe umesimama kwenye ripoti ya kupokezana zamu," alisema. "Usipokuwepo, nafasi yako ina mtu." Hakusema kwa ubaya, ana wagonjwa arobaini na manesi wawili. Nami nilijua kuwa mtu wa umri wangu, mwenye faili la kumfunika shuka mtu aliye hai, hakuna wodi nyingine itakayomfungulia mlango. Kazi nyingine sijawahi kuijua. Kila kifungo nilichotoa bakulini nilikuwa nakitoa kwa ajili ya Jumatatu ile.

Dada ndiye aliyekuja kunitoa kwenye chumba changu cha kupanga. Alinilaza kitandani kwake, yeye akahamia chumba cha mbele, kwenye godoro jembamba kati ya cherehani na mafurushi ya vitambaa. Amenizidi miaka kumi. Tangu mama yetu alipofariki amejifanya yeye ndiye mama, na hajawahi kuniuliza kama nimekubali.

Wiki za kwanza vifungo vyangu viliisha kabla ya saa tano. Nikawa nalala naangalia madoa ya dari na kusikiliza cherehani upande wa pili wa ukuta, trrr, kimya, trrr. Wiki ya nne nikaanza kufika alasiri. Wiki ya saba, siku moja jua lilizama nikiwa nimebakiwa na kifungo kimoja, nikakishika mkononi mpaka usingizi ukanichukua.

Hapo ndipo nilipogeuka bahili. Dada akiniambia, "Njoo unishikie ncha ya kitambaa nikate," naangalia bakuli. Akiniambia, "Njoo tukae kidogo tuzungumze," naangalia bakuli. "Vimebaki vitatu, Dada, na bado sijaoga." Naye hujibu, "Basi, basi, pumzika," kisha anaishika ncha ya kitambaa kwa meno. Mshauri alinisifu kwamba sasa nimejua kusema hapana. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Dada mwenyewe alikuwa na mashati mia mbili ya kumaliza kabla shule hazijafunguliwa. Alikuwa anashona, anapika, anafua mashuka yangu, anajibu watu wanaoniulizia mlangoni. Siku moja alinitilia chumvi kwenye chai. Siku nyingine alishona shati lenye mikono miwili ya kushoto, na nikamtania kwamba huyo mtoto atasalimiana vipi na watu. Akacheka, kisha ghafla akaniuliza tulikuwa tunacheka nini.

Kuna habari ya sindano, na nikiiruka nitakuwa mwongo. Ilikuwa wiki ya tisa, mchana. Nilisikia cherehani imekata ghafla, halafu Dada akasema "Aa", taratibu tu, kama mtu aliyekumbuka kitu. Sindano ilikuwa imepita kwenye ukucha wa kidole cha shahada ikatokea chini. Alikuja mpaka mlangoni kwangu ameking'ang'ania kidole, damu inamtiririka hadi kwenye kiwiko. Bakuli langu lilikuwa tupu tangu saa saba. Nilimwangalia kutoka kitandani nikamwambia, "Osha kwa maji ya chumvi, halafu funga kitambaa safi."

"Asante, nesi," alisema kwa utani, akaondoka. Hazikupita dakika kumi nikasikia trrr.

Fundi aliyeshona miaka thelathini hajichomi kidole hivihivi. Siku ile ile nililijua hilo. Lakini kulijua kungenitaka niinuke kitandani, nami nilikuwa nimeshajiambia kwamba siku yangu imekwisha.

Ikafika Jumapili, kesho yake ndiyo Jumatatu yenyewe. Niliamka asubuhi na mapema nikaoga. Saa nne nikapiga pasi gwanda langu la kazi, nikapaka viatu rangi. Nikatembea mpaka geti la hospitali na kurudi, kujaribu miguu tu. Nikapika, nikaosha vyombo. Saa tisa alasiri nikachungulia bakuli, mna vifungo vinne. Vinne! Nilikuwa nimepona. Nikalibeba bakuli nikilitikisa, nikaenda chumba cha mbele nimwonyeshe Dada.

Cherehani ilikuwa kimya, na sikujua ilikuwa kimya tangu lini. Dada alikuwa amelala chali sakafuni, kati ya meza ya kukatia na ukuta. Kitambaa cheupe cha mashati kilikuwa kimemfunika uso.

Bakuli likaniponyoka. Nilipiga magoti nikakivuta kile kitambaa kwa mkono mmoja, mkono wa pili tayari uko shingoni kwake unatafuta mshipa. Mshipa ulikuwa unapiga. Macho yake yalikuwa wazi, makavu, yanaangalia juu.

"Mwanga unaniumiza," alisema.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Niliinama kuokota sindano. Nikakaa. Nikalala. Halafu kuinuka kukanishinda."

"Tangu saa ngapi, Dada?"

"Ulikuwa unapiga pasi."

Saa tano nzima alikuwa hapo chini. Nilikuwa nimepita mlango ule mara nne, nikienda na kurudi, naimba.

"Kwa nini hukuniita?"

"Nilijua unatunza vya kesho."

Nilimpima kila kitu nilichoweza kupima, na kila kitu kilikuwa sawa, kama vyangu vilivyokuwa sawa siku ile waliponinyanyua wodini. Nikambeba. Nilishangaa alivyokuwa mwepesi. Nikamlaza kitandani kwake, mahali nilipolala mimi miezi mitatu, na hapo ndipo nilipolia, kwa kelele, makamasi yananitoka, najichukia. Chakula nilichokula, mashuka niliyolalia, maji niliyokuta yamechemka, vyote vilikuwa na vifungo vyake, na aliyevitoa ni yeye. Yeye hakuna aliyemwekea bakuli.

"Usilie," alisema. "Utachoka."

Jumatatu kulipopambazuka nilikuwa nimeshavaa gwanda. Nilikuwa nimepanga kila kitu kichwani: nitakwenda kazini, jioni nitarudi, nitampikia, nitamfulia, nitamwambia mwenye mashati atafute fundi mwingine. Watu wengi wanafanya hivyo na hawafi. Ukisikiliza vizuri utajua ni nani aliyekuwa anazungumza. Alikuwa Jenereta.

Niliokota vifungo vinne sakafuni, nikachukua sita koponi, nikavitia bakulini, nikaliweka bakuli kando ya mto wa Dada. Nikamweleza kama nilivyoelezwa mimi. Kuoga kimoja. Kula kimoja. Kukaa kibarazani kimoja. Vikiisha, lala.

"Vyote hivi vyangu?" aliuliza.

"Vyote."

"Na mashati?"

"Mashati hayamo."

Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama wanavyofanya wagonjwa ambao hawana nia ya kumeza dawa. Nilipaswa kukijua kichwa kile, nimekiona mara elfu. Nikaenda kunywa chai na kuvaa viatu.

Saa kumi na mbili na nusu nilirudi kumuaga nikakuta kitanda kitupu. Alikuwa chumba cha mbele, amekaa kwenye kigoda, mgongo umeegemea ukuta, sindano mkononi. Bakuli lilikuwa miguuni pake, halina kitu.

"Nilikuwa nimepungukiwa vifungo," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi uso wake ulikuwa na furaha. "Ona. Shati hili limekamilika, na la pili nimelitia vitatu. Umeniokoa, mdogo wangu."

Vilikuwa vimeshonwa vizuri sana. Uzi umezungushwa chini ya kila kifungo na kukazwa, kama anavyofanya siku zote ili watoto wa watu wasirudi nyumbani vifua wazi. Kidole chake cha shahada bado kilikuwa na ukucha mweusi.

Hospitali ni mwendo wa dakika ishirini. Ningetoka wakati ule ningefika, tena ningewahi. Nilisimama mlangoni nikaliona gwanda langu, pasi imenyooka, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa kando ya kitanda namba tisa. Kisha nikavua viatu. Nikakaa sakafuni karibu naye, nikachukua mkasi, nikaanza kuvifumua vile vifungo.

"Unaharibu kazi yangu!" Dada alilivuta shati. Alilivuta kwa nguvu zake zote, na mimi sikuhitaji hata kukaza mkono. Hilo aliliona naye, akaliachia. Akakaa ananitazama nikikata uzi wake.

Simu ililia mfukoni nikiwa kwenye kifungo cha tatu. Sikuitoa. Nilijua ni nani, na nilijua ameshika kalamu na daftari la ripoti, anaangalia mlango. Ikalia mpaka ikakata. Ikalia tena nikiwa kwenye cha sita. Baada ya hapo haikulia. Miaka kumi na tisa yangu yote ilikuwa imeishia mle mfukoni, lakini mkono uliendelea kukata.

Nilipomaliza nilivirudisha bakulini, vyote kumi, vingine bado vina nyuzi. Kimoja nilikiweka kwenye kiganja cha Dada nikamfumba vidole.

"Hiki cha kuoga," nilisema. "Nitakuogesha mimi, lakini kifungo ni chako."

Alikishika. Akaangalia bakuli, akaangalia gwanda langu, akaangalia miguu yangu isiyo na viatu.

"Na wewe je?" aliuliza. "Vyako leo nani kakuhesabia?"

Nilikwenda jikoni kubandika maji.