Mawe Tisa ya Padri

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Padri aliingia kwenye beseni lake la mchanga kwa mara ya sita, akachuchumaa, akakodoa macho, na halikutoka hata tone. Alikuwa paka dume mweusi mwenye doa jeupe shingoni, ndiyo maana akapewa jina hilo, na makazi yake yalikuwa ateliye, karakana ya ushonaji, ya Madamu Phiona nyuma ya soko la Kimironko, katikati ya marobota ya kitambaa na cherehani tisa. Mukandayisenga, wa cherehani ya kwanza, alisimamisha mguu akamtazama. Msimu wa sare za shule ulikuwa umepamba moto na hapakuwa na mtu mwenye nafasi ya kutazama paka. Yeye alimtazama kwa sababu sura ile ya kubana aliijua.

Choo cha ateliye kilikuwa ng'ambo ya ua, na ufunguo wake ulitundikwa kwenye msumari juu ya kiti cha Madamu. Uliteremshwa mara mbili kwa siku, saa nne na saa nane. Madamu Phiona hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikulia Uganda, akarudi na cheti cha ubunifu wa mavazi na moyo wa kuajiri wanawake, na aliyejifungua alimpelekea uji na blanketi. Ila alikuwa amegundua kwamba mwanamke akiinuka katikati ya mshono, mshono hupinda, basi akaweka saa. Usumani, mkata vitambaa, saa hizo hazikumhusu. Yeye alikwenda msikitini kuswali na mambo yake yote akayamalizia huko.

Wanawake nao walijitafutia dawa yao: hawakunywa maji. Huo ulikuwa ujuzi wa kazi, ukifundishwa kama kupiga pindo. Mgeni siku ya kwanza alifundishwa kutunga uzi, ya pili kulowesha midomo kwa pembe ya kitambaa cha pasi, ya tatu kula mhogo mkavu bila mchuzi. Walikuwa na msemo wao, kwamba cherehani haimpendi mtu aliyejaa maji, na mgeni aliyeweza kukaa toka saa nne hadi saa nane bila kujipindapinda alipigiwa makofi. Miaka minne walikaa hivyo na hakuna hata mmoja aliyeumwa kibofu wala figo. Walijiona wameumbwa kwa chuma, na walijivuna kwelikweli.

Kwenye cherehani ya pili alikaa Iradukunda, mwenye mimba ya miezi sita. Mumewe, Jean-Bosco, alikuwa seremala kule Gisozi, lakini alikuwa amekatwa na msumeno vidole viwili na karakana haikuwa inamwita tena. Cherehani ya pili ndiyo iliyowalisha wote wawili. Mjamzito mkojo haumngojei saa, kila mwanamke mle ndani alilijua hilo, na kila mmoja alimwona Iradukunda akikunja magoti na kuuma mdomo mpaka ufunguo uteremshwe. Hakulalamika. Mukandayisenga, ambaye wote walimwita Mama Kenny kwa jina la mwanawe wa kwanza, alimpenda binti huyo kama mdogo wake wa tumbo moja, na hofu yake kubwa ilikuwa kwamba siku moja Iradukunda angeshindwa kubana, au angeinuka bila ruhusa, na cherehani ile ikapata mtu mwingine.

Adhuhuri ile Madamu Phiona alimtuma Mukandayisenga kwa daktari wa wanyama, akiwa amempakata Padri ndani ya kikapu. Daktari Révérien alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimpitishia Padri mpira mwembamba, mkojo ukatoka mwekundu, akampiga picha, akahesabu mawe tisa kwenye kibofu. Akauliza anakula nini.

Hapo ndipo palipokuwa na kasheshe. Padri alikula kitu kimoja tu duniani: indagara, wale dagaa waliokaushwa kwa chumvi, waliokatwa vichwa, kutoka kwenye kiganja cha Mukandayisenga. Révérien alitikisa kichwa. Chumvi basi, alisema, na ukavu basi. Paka kiasili hana kiu, maji yake huyapata ndani ya chakula, kwa hiyo apewe chakula kilicholowa: supu ya kuku bila chumvi, samaki wa kuchemsha na maji yake, chakula cha kopo cha paka. Awekewe bakuli za maji kila pembe. Na mkojo wake utazamwe kila siku, maana dume akiziba siku mbili, siku ya tatu si wa daktari tena, ni wa kuzikwa.

Madamu Phiona aliyafuata yote kwa moyo mmoja. Alinunua makopo ya aina nne, akapika supu mwenyewe, akasaga maini ya kuku. Padri alinusa, akafukia hewa kwa mguu kana kwamba hapo pana uchafu, akaondoka. Wakayapasha moto, akaondoka. Wakanyunyizia unga wa indagara juu, akalamba unga akaacha kilichobaki. Mtu akamwambia Madamu kwamba paka wanapenda maji yanayotembea, basi akaagiza chemchemi ya umeme, akaiweka katikati ya ateliye. Kutwa nzima maji yalichuruzika mbele ya wanawake tisa waliobana mapaja, na Padri hakuyagusa. Saa tano na nusu za siku ya kwanza Iradukunda alilia machozi bila sauti huku akishona kola, na Mukandayisenga akaikokota chemchemi nyuma ya marobota. Haikusaidia, bado ilisikika.

Alhamisi Padri aliziba tena. Safari hii Révérien aliyatoa mawe yenyewe, akayaosha, akayapanga juu ya kipande cha shashi. Yalikuwa madogo kama punje za mtama, na kila moja lilikuwa limezungukwa na uzi uliogandamana nalo. Lilikuwapo la uzi wa kijivu wa suruali, la uzi mwekundu wa sweta, la uzi mweupe wa kola, ambalo lilikuwa kubwa kuliko yote. Lile la buluu ya sketi lilikuwa la Mukandayisenga. Alilitambua kama mtu anavyotambua kandambili zake mlangoni mwa msiba. La uzi mweupe lilikuwa la Iradukunda.

"Haya mawe si ya paka, Mama Kenny," alisema Révérien.

Mukandayisenga alisema ndiyo, anayaona.

Daktari akamweleza, huku akinawa mikono. Hayo hutokea. Alikuwa na mbwa mmoja aliyekohoa miaka mitatu kwa niaba ya mwenye nyumba, na mbuzi aliyekonda kwa deni la jirani. Mawe ya watu wasiokunywa hutafuta aliye karibu nao asiyeweza kusema, yakakaa kwake. Ndiyo maana paka anakataa chakula, maana ameshiba vya watu. Kwa hiyo dawa ni ileile, chakula kilicholowa na maji mengi, ila wa kupewa kwanza ni wanawake wenyewe.

Mukandayisenga alirudi na kumwambia Madamu Phiona neno kwa neno. Hakuwahi kumwambia jambo refu hivyo. Mawe hayakumtisha, kilichomtisha ni ufunguo. Madamu alisikiliza, akamchukua Padri mapajani, akamfuta pua.

"Maskini paka yangu," alisema. "Kumbe iko inabeba watu tisa."

Akainuka, akautoa ufunguo msumarini, akauweka mezani karibu na mlango, achukue mwenye haja.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa za raha, na Mukandayisenga hakuona haya kuziita hivyo. Wanawake walikuja na chupa za maji. Walikula mhogo na mchuzi wa dodo, ule mchicha, wakala maharagwe yenye rojo. Waliinuka, wakatoka uani, wakarudi wamenyooka uso. Iradukunda alikwenda na kurudi tumbo likimtangulia, na hakuna aliyetazama saa. Padri naye aliamka siku ya tatu, akaenda kwenye bakuli la supu ya kuku, akaimaliza, akaramba bakuli. Akala maini. Akala kopo la kwanza na la pili. Mkojo wake ulitoka mrefu na mweupe, na wanawake walisimamisha cherehani kuusikiliza. Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote walizowahi kusikia mle ndani.

Lakini sare zilichelewa siku nne. Mwenye shule alipiga simu, akapiga tena, mara ya tatu akaja mwenyewe. Madamu Phiona alianza kukaa ameshika tama, akihesabu kwa macho wanaotoka uani. Ijumaa alimpeleka Padri mwenyewe kwa daktari kwa ukaguzi, Mukandayisenga akishika kikapu. Kibofu kilikuwa safi. Madamu alishukuru, akafunga mkoba, akaufungua tena.

"Daktari, hayo mawe yanaweza kutembea mpaka Niboye? Mimi nakaa Niboye."

Révérien alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli una siku zake mbaya. Akajibu kwamba hapana, mawe hayaendi mbali, hata barabara hayavuki.

"Na sisi je?" aliuliza Mukandayisenga.

Daktari aliyarudisha macho mezani, kwenye mchoro wa figo. "Mgonjwa wangu ni paka, Mama Kenny," alisema. Alionekana kuhuzunika, na huenda alihuzunika kweli.

Jumamosi Padri alihamishiwa nyumbani kwa Madamu, na Mukandayisenga alipakiwa kwenye gari na kikapu mapajani, ili akamfundishe msichana wa kazi wa huko namna ya kumlisha paka. Njiani Padri alitoa kichwa, akakiweka kwenye mkono wake. Mukandayisenga alifikiri kufungua mlango kwenye mataa na kumwachia akimbie arudi Kimironko. Halafu akafikiri miaka minne ambayo paka huyo alibeba mzigo wa watu tisa bila kuuliza, akaona aibu. Alimpenda, ndiyo shida yenyewe. Huko Niboye alimwonyesha yule msichana supu isiyo na chumvi ipashwe kiasi gani, na samaki atolewe miiba vipi. Padri alikula bila kuchagua. Baadaye aliingia kwenye beseni jipya, na Mukandayisenga akangoja mpaka asikie, ndipo akaaga.

Jumatatu ufunguo ulikuwa msumarini. Chupa za maji zilibaki nyumbani, mhogo ukaliwa mkavu, na ilipofika Jumatano hata mmoja wao aliyekuwa ameanza kunenepa alikuwa amerudi kwenye hesabu ya saa nne na saa nane. Madamu Phiona aliwaonyesha kwenye simu picha za Padri amelala juu ya kochi. Wanawake walifurahi, na furaha yao haikuwa ya kuigiza.

Wiki ya tatu Iradukunda alikwenda kituo cha afya kwa siku yake ya kliniki. Alirudi adhuhuri, akaketi kwenye cherehani. Muuguzi alikuwa amemwonyesha mtoto kwenye picha. Msichana, mzima, moyo unapiga vizuri. Ila kwenye kibofu cha huyo mtoto kulikuwa na mchanga. Muuguzi aliuhesabu, punje tisa, akaandika kwenye kadi, akamwambia mama anywe maji mengi. Iradukunda alisimulia hayo kwa Mukandayisenga kwa sauti ya chini, huku akitunga uzi mweupe, na akamwomba asimwambie mtu.

Mukandayisenga hakulala vizuri. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, alijiambia, basi mwenye njaa amwambie. Alikumbuka kwamba mara ya kwanza aliposema, ufunguo uliteremka. Asubuhi akaenda mpaka kwenye kiti cha Madamu, akasema tena, neno kwa neno, punje tisa, mtoto wa miezi saba, aliye karibu asiyeweza kusema.

Madamu Phiona alilia. Alilia vibaya kuliko alivyomlilia paka. Alimwita Iradukunda, akamkumbatia mbele ya wote, akamshika tumbo kwa mikono miwili.

"Wewe uende nyumbani, mdogo wangu," alisema. "Ukae mbali na hapa, kama Padri. Mtoto atapona."

Na bila shaka angepona. Kabla ya saa nane mwanamke mwingine aitwaye Gwiza, dada wa mtu fulani, alikuwa amekwisha kuletwa na kuoneshwa cherehani ya pili. Iradukunda alikusanya mkasi wake, tepu yake na kitambaa chake cha kichwa, akavitia kwenye mfuko. Alipopita kwa Mukandayisenga aliinama kama anayetaka kuaga.

"Ungenyamaza tu, Mama Kenny," alimwambia. "Sasa tutakula nini?"

Mukandayisenga alisimamisha mguu. Alimtazama akivuka ua, mkono mmoja kiunoni, akipita mbele ya mlango wa choo uliofungwa, mpaka akatokomea upande wa soko.

Kazi ikaendelea. Usumani alikata sketi thelathini akaenda kuswali. Gwiza alifundishwa kulowesha midomo, na alipouliza kwa nini, alijibiwa kwamba ndivyo tunavyofanya hapa. Ndani ya ateliye sasa hapakuwa na paka, wala mtoto tumboni. Walikuwapo wanawake tisa, kila mmoja na ulimi wake mzima kinywani, na hakuna aliyesema kitu.

Ilipofika saa sita Mukandayisenga alitaka kuomba ufunguo. Alifungua kinywa, akatazama kiti cha Madamu, akatazama cherehani ya pili. Sindano ilikuwa katikati ya mshono, akaona aumalize kwanza. Alipofika mwisho wa mshono alikuwa amekwisha kulihisi jiwe upande wa kushoto, chini ya mbavu, dogo, limekaa pale kama lililorudi kwao. Akalipapasa juu ya gauni. Kisha akakata uzi kwa meno, akachukua sketi nyingine.