Spika za Baba na Risiva ya Dairo

Kaka yangu Dairo ana tabia ya kutatua matatizo ya nyumbani kwetu akiwa Bogotá. Akisikia feni imekufa, anatuma feni. Akisikia mama anaumwa magoti, anatuma bandeji za magoti. Januari ile alisikia kwamba baba anashinda amekaa tu, hana la kufanya, akatuma risiva mpya ya sinema ya nyumbani, mashine ya kukuza sauti ya televisheni na kuipeleka kwenye spika, na ujumbe kwenye simu yangu: "Marelvis, muunganishie mzee kwenye spika zake, asikie filamu kama yuko sinema. Kazi ya dakika kumi tu."

Hizo dakika kumi zilinila wiki tatu, na katika wiki hizo niliwachukia kwa zamu watu wote ninaowapenda.

Baba yetu, Eliécer Barraza, alikuwa fundi wa majokofu hapa Barranquilla kwa miaka thelathini na nne. Presha ya macho ilimpofusha polepole, na sasa huu ni mwaka wa nne haoni hata mwanga wa dirisha. Filamu hakuacha. Alizifuata kwa masikio, na yaliyobaki alijaziwa na mama, ila mama husimulia kwa kuchelewa. Mtu akishapigwa risasi, akishazikwa na mjane akaolewa tena, ndipo utamsikia: "Eliécer, kuna mmoja hapa anatoa bastola."

Spika alikuwa nazo mbili, alizoziunda mwenyewe ujanani, enzi za madansi ya mtaani ya Jumamosi. Ni masanduku ya mbao yanayonifika kiunoni, kila moja lina koni mbili kubwa za kutolea sauti ndani. Mama alikuwa ameyatandika vitambaa na kuweka juu yake vyungu vya maua. Niliondoa maua, nikaunganisha nyaya, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi. Nikaweka filamu ya polisi. Gari la kwanza lilipogonga ukuta, risiva ikalia *tak*, ikazima. Nikaiwasha. Ikaenda vizuri mpaka bomu lilipolipuka. *Tak*. Nikagusa mfuniko wake, ungeweza kukaangia yai.

Tulikwenda dukani, mimi na baba. Yeye alivaa shati lililopigwa pasi na kofia, kama anakwenda kumposea mtu. Muuzaji aliitwa Yeison, kijana mwenye manukato mengi, na alinitazama mimi.

"Dada, mzee anapenda kufungulia sauti juu sana?"

"Yuko hapa. Muulize mwenyewe."

"Mzee anapenda sauti juu sana?" akaniuliza tena mimi, safari hii akipaza sauti, kana kwamba upofu umehamia masikioni.

"Masikio ninayo, kijana," baba akasema. "Inazima kwenye vishindo, na inachemka. Hiyo inabebeshwa mzigo isiouweza."

"Hapana, mzee wangu. Kinachokosekana ni spika ya katikati. Maneno yote yatapitia pale, risiva itapumua."

Akatuuzia spika nyembamba yenye kung'aa, ya kuweka chini ya televisheni. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimeomba ruhusa ya saa moja tu kwenye duka la dawa ninakofanya kazi, na saa ilikuwa imekwisha. Tulipofika mlangoni kwetu baba akasema, "Hakuniuliza spika zangu ni za aina gani."

"Si ungemwambia?"

"Nilikuwa namsubiri aniulize."

Ndiye baba yangu huyo.

Spika ya katikati haikupoza kitu. Risiva iliendelea kuzima kwenye kila kishindo, na sasa likazuka lalamiko jipya. Jumapili tulikuwa tumekaa sote watatu, tumeshiba wali na samaki, ndani ya filamu mwanamume mmoja anatoka mlangoni kwenda dirishani huku anaongea.

"Mlangoni hapo alikuwa na sauti ya kifua," baba akasema. "Amefika katikati ya chumba, amekuwa karani wa posta mwenye mafua. Haya, dirishani kifua kimerudi."

"Ni mtu yuleyule, Eliécer," mama akasema. "Mimi namwona."

"Ndiyo maana husikii. Macho yanakuambia ni yuleyule, masikio yako yanakubali."

"Marelvis, wewe unasikia watu wawili?" mama akaniuliza.

Nilisema sisikii, na ilikuwa kweli, kwa kuwa nilikuwa namtazama yule mwanamume. Baba akakunja midomo mpaka ikapotea. Nikasimama kwenda kuchukua kahawa, na kutokea jikoni, nisikoiona televisheni, nikamsikia karani wa posta. Sauti nyembamba, ya puani, imebanwa. Kisha mtu mwingine akajibu kutoka pembeni kwa sauti nzito, na nikajua kwa maneno yake kwamba si mwingine, ni yeye. Nilirudi na kahawa. Sikusema kitu, kwa sababu kusema kungenirudisha kwa Yeison.

Nilirudi kwa Yeison hata hivyo. Alisema boksi lililofunguliwa halirudishwi. Alisema pia kwamba tatizo letu sasa ni ukosefu wa spika ya besi, na kwamba yeye angekuwa mimi angechukua ile kubwa. Nikamwambia angekuwa mimi asingekuwa amesimama pale. Nikatoka, upepo wa Januari ukanijaza mchanga mdomoni, nikafika nyumbani nimewiva kwa hasira.

Baba alikuwa kwenye kiti chake. "Ile spika yao ni mbovu," akaniambia kabla hata sijaweka mkoba.

"Basi sema unataka nini," nikamwambia. Sauti ilinitoka vibaya, naikumbuka. "Nimeomba ruhusa kazini mara mbili. Dairo anapiga simu kila siku, ananiambia soma kitabu cha maelekezo. Mama anataka maua yake juu ya masanduku. Wewe unasema ni mbovu, mbovu, mbovu. Ifanyweje?"

Akageukia ilikotoka sauti yangu. "Nisomee nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Ya risiva. Pale nyaya zinapoingia. Mpaka leo hakuna aliyenisomea."

Niliivuta kutoka kabatini, nikapiga magoti na kumulika kwa simu. "Kulia. Kushoto. Katikati. Hapa pana namba, sita hadi kumi na sita, halafu alama kama kiatu cha farasi."

Baba alikuwa anajipangusa goti ambalo halikuwa na vumbi.

"Hizo ni omu," akasema hatimaye.

"Na spika zako zina omu ngapi?"

"Nne."

Akanieleza kwamba omu ni kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme. Kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo spika inavyofyonza umeme mwingi zaidi. Masanduku yake yaliundiwa mashine za dansi, ambazo hazikuogopa kufyonzwa. Risiva ya Dairo ni ya sebuleni, inataka sita kwenda juu. Kwa hiyo kila kishindo kilipokuja, ilikuwa inajizima isije ikaungua.

"Wiki tatu zote ulijua kwamba ni nne?"

"Nimejua tangu mwaka themanini na moja. Kiatu cha farasi cha risiva ndicho nilichokuwa sikijui."

Nilikaa palepale sakafuni, mgongo kwenye kabati. Mama akatoka jikoni, akauliza kuna nini, nikamweleza.

Yeye alishauri tununue spika ndogo nzuri, masanduku yaende uani. Baba akasema basi tuyapeleke pamoja naye. Kisha akaomba bisibisi na chuma chake cha kulehemu.

Kila koni ndani ya masanduku ilikuwa ya omu nane. Ukiziunganisha ubavu kwa ubavu, alivyofanya ujanani, sanduku zima linakuwa nne. Ukizipanga kwa foleni, waya utoke kwenye ya kwanza uingie kwenye ya pili, linakuwa kumi na sita. Mama alisema asiyeona hatashika chuma cha moto sebuleni kwake. Baba akasema basi atakishikia chumbani. Kikashikwa sebuleni.

"Huu waya una rangi gani?" akaniuliza, mkono umezama ndani ya sanduku mpaka begani.

"Kijivu."

"Sikuweka waya wa kijivu."

"Baba, humu mna vumbi la miaka arobaini. Kila kitu ni kijivu."

Akautia mate, akausugua kwenye suruali. Mwekundu. Nikamwelekeza ncha ya chuma, akaniambia niache kumvuta kiwiko. Akaungua kidole gumba, akasema hakuungua. Sanduku la kwanza lilichukua saa nzima na mabishano yote. La pili alinifukuza, akalimaliza kwa dakika ishirini.

Spika ya Yeison aliniambia niing'oe, na niingie kwenye mipangilio ya risiva niiambie kwamba katikati hakuna spika. Hapo maneno ya katikati yangegawanywa sawasawa kwenye masanduku yake mawili. Nilikipata kipengele hicho baada ya kubadilisha lugha ya risiva mara mbili kwa bahati mbaya.

Sauti ilikuwa ndogo kuliko kwanza, ikabidi tuongeze. Tukarudia filamu ileile. Gari likagonga ukuta. Bomu likalipuka. Niliweka kiganja juu ya mfuniko, ulikuwa vuguvugu tu. Mwanamume akatoka mlangoni, akapita katikati ya chumba akiongea, akafika dirishani. Kichwa cha baba kilimfuata taratibu mpaka mwisho.

"Mmoja," akasema.

"Mmoja nani?" mama akauliza.

"Huyu. Ni mtu mmoja."

Nilikwenda chooni nikakaa huko kidogo, maana nilikuwa nimechoka na sikutaka waone uso wangu.

Sasa tuna taabu nyingine. Baba anasikia kila kitu. Jumapili iliyopita filamu ilikuwa imebakiza dakika arobaini, sisi hatujui kitu, akasema, "Muuaji ni daktari. Kiatu chake cha kushoto kinalia, ndicho kilichopanda ngazi." Alikuwa daktari kweli. Mama ameapa hatakaa naye tena. Anatazama filamu zake jikoni, kwenye simu, na baba anapaza sauti kutoka sebuleni kumuuliza lile gari lililopita kwenye simu lilikuwa la rangi gani.