Santuri Isiyo na Bei

Watu wa Samsø, kisiwa cha Denmark, hawaibi viazi. Wewe panga mifuko yako kibandani kando ya barabara, weka sanduku la hela, andika bei kwa chaki, kisha nenda zako. Jioni utakuta mifuko imekwisha na hela iko kamili, haijapungua hata krona moja. Birte Lund alikuwa ameuza hivyo miaka thelathini. Kwa hiyo binti yake Solvej alipokuja na katoni ya santuri za muziki wake, akazipanga ubavuni mwa viazi na kuandika "Lipa unachotaka", Birte alishika kiuno.

"Unachotaka ndiyo kiasi gani?"

"Ndiyo hicho mtu anachotaka, mama."

"We mtoto, utawaua watu kwa mawazo."

Solvej alikuwa mpiga kodiani, na mbishi wa kuzaliwa. Mtandaoni alikwisha kuuweka muziki huo huo kwa mtindo huo huo: watu mia tatu waliuchukua, na mia mbili themanini kati yao waliandika sifuri. Sifuri, jamani! Akajifariji kwamba hao ni watu asiowajua. Lakini hapa ni nyumbani, na santuri yenyewe ilirekodiwa Oktoba iliyopita katika ukumbi wa kijiji, wenyeji wamejaa na kahawa zao na keki zao. Basi akajiwekea nadhiri: hawa nao wakiona kazi yake haina thamani, atauza kodiani aende mjini Odense, akafanye kazi aliyoahidiwa huko, ya kupanga ratiba za malori. Jibu lilitakiwa Ijumaa.

Jumatatu watu walisimama mbele ya santuri, wakasoma kibao, wakatazama kushoto na kulia kama wanaotaka kuvuka barabara, wakanunua viazi, wakaondoka. Jumanne jirani yao Kirsten akapiga simu.

"Birte, kuuliza si ujinga. Wenzangu wametoa ngapi?"

"Hakuna aliyetoa."

"Ah. Basi nami nasubiri. Nikitoa kidogo nitaitwa bahili, nikitoa kingi nitaambiwa najidai."

Birte akakata simu, akamgeukia bintiye. "Umesikia? Hawa si wabaya, mwanangu, ni waoga. Waandikie bei wapumue."

"Nikiandika bei nitakuwa nimewalazimisha."

"Kwani mimi kwenye viazi nimewalazimisha?"

Solvej akatoka kwenda kuzipanguza santuri vumbi.

Jumatano alasiri santuri zilikuwa ishirini na tisa badala ya thelathini. Moyo ukamruka. Akafungua sanduku: hela ya viazi, kamili, basi. Akalipindua, akalitikisa, akatazama hata chini ya meza. Hamna kitu.

"Asubuhi nilimwona Evald na baiskeli yake," mama yake alisema, kama anayeng'olewa jino. "Lakini Evald haibi."

Evald Krog alikuwa mkulima mstaafu wa miaka sabini na tisa, mtu wa kurudi dukani kwenye mvua kwa sababu amezidishiwa chenji. Na hilo ndilo lililomuuma Solvej. Angeibiwa na mtalii, angecheka. Evald! Kama Evald naye anaona muziki wake ni kitu cha kuchukua tu kama jani la njiani, basi mambo yamekwisha. Akaenda kwa Evald mbiombio, na hodi yenyewe aliipiga kwa ngumi.

"Mzee Evald, umechukua santuri yangu."

"Nimeichukua."

"Na hukulipa."

"Sikulipa. Ingia ndani, usinigombeze mlangoni, majirani wanakula."

Mezani palikuwa na bahasha tatu zimechanwa. Mzee akazigusa moja moja.

"Hii niliweka mia na hamsini. Nikafika nayo mpaka barabarani nikarudi, nikaona nimemfanya Ellinor rahisi. Hii niliweka elfu mbili. Nikaona najitapa, na mwenyewe hakupenda majitapo. Hii ya tatu..." Akaigeuza kifudifudi.

Ellinor alikuwa mkewe, aliyezikwa Februari.

"Ellinor anaingiaje hapa?" Solvej aliuliza, hasira imeanza kupungua.

Evald aliweka sindano kwenye santuri, upande wa pili, wimbo wa tatu, kisha akainua kidole. "Hapa. Sikiliza." Nyuma ya kodiani, mbali, kule yalikokuwa mabirika ya kahawa, mwanamke alikuwa akiufuata wimbo huku midomo ameifumba. Akakosea, akacheka kidogo, akaendelea. Solvej alikuwa ameisikia sauti ile mara nyingi wakati wa kutengeneza santuri, akaihesabu kuwa kasoro isiyofutika. Hakuwahi kujiuliza ni ya nani.

"Sina sauti yake nyingine," Evald alisema. "Miaka hamsini na mmoja, na hatukuwa watu wa kujirekodi. Sasa unakuja kuniambia nilipe ninachotaka. Ninachotaka! Hata nikitoa shamba zima halitoshi. Umenionea, mwanangu. Nitajie bei kama unavyomtajia mtu yeyote, nilipe, nilale."

Solvej aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alidhani anawapa watu uhuru, kumbe kamtwika huyu mzee mzigo usiobebeka.

"Mia na themanini," akasema.

"Mia na themanini." Evald alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. Akatoa mia mbili, akangoja.

"Sina chenji, mzee."

"Nasikia unakwenda Odense kwenye malori."

"Nilikuwa nafikiria."

"Na hii ikichakaa? Nitaipiga asubuhi na jioni. Nitamwendea nani?"

"Nitakupa nyingine."

"Usinipe. Niuzie. Kwa bei ile ile?"

"Ile ile."

Mzee akahesabu mia na sitini nyingine, akamsukumia. "Ya pili hiyo, pamoja na chenji yangu. Niletee mwenyewe kesho, na kodiani uje nayo."

"Nitakuja nayo," Solvej alisema, machozi yanamtoka na hayafuti. "Odense siendi."

Evald akaurudisha wimbo mwanzo. Safari hii Solvej hakuisikiliza kodiani hata kidogo.